Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "Moves Like Jagger", kibao kilichotokana na miondoko ya Mick Jagger

Hiki ni kibao gani, na ni cha nani?

Ni singo ya Maroon 5, bendi ya Los Angeles, Marekani, wakiwa wamemshirikisha Christina Aguilera. Ilitoka tarehe 21 Juni 2011, na siku hiyohiyo wakaipiga laivu kwenye The Voice, shindano la kuimba la televisheni ya NBC. Aguilera na mwimbaji wa Maroon 5, Adam Levine, walikuwa wawili kati ya makocha wanne wa msimu ule wa kwanza. Wengine walikuwa CeeLo Green na Blake Shelton. Wimbo una dakika 3 na sekunde 21.

Mwanamume anayeimba anamtongoza mwanamke, na silaha yake ni moja: anajua kucheza kama Mick Jagger. Hana utajiri wa kujivunia wala maneno mazito ya mapenzi. Ana mwili unaojua kucheza, na anataka huyo mwanamke amtazame.

Jagger ndiye nani? Mimi nimezaliwa juzi.

Sir Mick Jagger ni mwimbaji wa The Rolling Stones. Alizaliwa tarehe 26 Julai 1943 mjini Dartford, kusini mashariki mwa Uingereza, na bendi yake ilianza London mwaka 1962 wakati yeye bado mwanafunzi wa London School of Economics. Yeye na mpiga gitaa Keith Richards ndio walioandika nyimbo nyingi za kundi hilo.

Wimbo huu ulipotoka, Jagger alikuwa anakaribia miaka 68. Levine, aliyezaliwa Machi 1979, alikuwa na miaka 32. Maana yake ni kwamba Levine alipozaliwa, Rolling Stones walikuwa tayari na karibu miaka kumi na saba jukwaani. Hakumsifu mwenzake wa rika, alimsifu mtu wa umri wa kuwa baba yake, tena bado yuko hai na bado anafanya kazi.

Kwa hiyo ni wimbo wa kumsifu Jagger kama mtunzi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoupotosha. Wimbo haumgusi Jagger mtunzi hata kidogo. Hautaji albamu yake, hautaji nyimbo zake, haumtaji Richards. Unamsifu Jagger mchezaji: namna anavyolitawala jukwaa kwa mabega, kiuno, viwiko na midomo.

Nalisisitiza hili kwa sababu wasikilizaji wa Rolling Stones wa siku nyingi walilalamika kwamba wimbo huu "hausikiki kama Stones". Hausikiki, na haukukusudiwa usikike hivyo. Mtu anaweza kuenziwa kwa sauti yake, kwa kalamu yake, au kwa mwili wake. Jagger ni miongoni mwa wanamuziki wachache ambao ukiona kivuli chao tu ukutani wanacheza, unawatambua kabla hujasikia noti moja. Wimbo umekamata jambo hilo, na kwa maoni yangu umelikamata vizuri kuliko makala nyingi zilizoandikwa juu yake.

Miondoko ya Jagger ikoje hasa?

Anasimama mkono mmoja kiunoni, kiwiko kimetokeza nje, kidevu kimeinuliwa. Kisha anaanza kutembea, na kutembea kwenyewe ndiko kucheza: kifua mbele, shingo inakwenda na kurudi, magoti yanainuka juu, mithili ya jogoo anayepita uwanjani kwake. Mikono inarushwa juu kupiga makofi, kidole kinawaelekea watazamaji, mabega yanapandishwa na kushushwa haraka. Halafu ghafla anageuka mgongo, anakimbia hadi ukingo wa jukwaa, anarudi kinyumenyume.

Hana hatua zilizopangwa na mwalimu kwa hesabu ya moja hadi nane. Ndiyo maana mtu yeyote anaweza kumwigiza sebuleni, na ndiyo maana karibu kila anayemwigiza anachekesha. Jagger mwenyewe hachekeshi. Mwili wake ni mwembamba na mwepesi, na hilo halikuja lenyewe: baba yake, Joe Jagger, alikuwa mwalimu wa elimu ya viungo, na Mick alikulia katika nyumba ambayo mazoezi yalikuwa jambo la kila siku.

Aliivumbua mwenyewe?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu, kwa hiyo nivumilie.

Hakuivumbua peke yake. Mwaka 1963 Rolling Stones walifanya ziara yao kubwa ya kwanza Uingereza wakiwa vijana wasiojulikana sana, na katika ziara hiyo walikuwemo Bo Diddley na Little Richard, wanamuziki wa rock and roll kutoka Marekani. Jagger alikuwa akisimama pembeni usiku baada ya usiku akimtazama Little Richard anavyowashika watu. Little Richard alipofariki Mei 2020, Jagger aliandika hadharani kwamba wakati wa ziara ile alikuwa akiichunguza miondoko yake kila usiku na kujifunza kwake namna ya kuwaburudisha na kuwahusisha watazamaji.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1964, likaja onyesho la T.A.M.I. Show katika ukumbi wa Santa Monica, California, lililorekodiwa na kuonyeshwa kama filamu. James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani, alipanda akiwa na kundi lake la Famous Flames. Aliteleza kwa mguu mmoja, akaanguka magotini, akafunikwa joho, akainuka, akalitupa, akarudi tena kwenye maikrofoni. Rolling Stones walipangwa kumfuata na kufunga onyesho. Keith Richards amekiri kwamba kumfuata James Brown lilikuwa kosa kubwa. Ukiitazama filamu hiyo leo unaweza kumwona Jagger akijitahidi kuusogeza mwili wake kwa namna ambayo hakuwa akiifanya hapo awali. Miaka hamsini baadaye alikuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu ya maisha ya James Brown, Get on Up, iliyotoka mwaka 2014.

Kisha akaja mwimbaji wa Marekani Tina Turner. Ike na Tina Turner walizunguka Uingereza na Rolling Stones mwaka 1966, wakazunguka nao tena Marekani mwaka 1969. Tina na wanenguaji wake, Ikettes, walikuwa wakicheza kwa kasi na nguvu ambazo Waingereza wa wakati ule hawakuzizoea. Tina alipofariki Mei 2023, Jagger aliandika kwamba alimsaidia sana alipokuwa kijana na kwamba hatamsahau.

Kwa hiyo wimbo wa 2011 unapotaja jina la Jagger, nyuma ya jina hilo wamesimama wasanii Weusi wa Marekani waliomfundisha, wengine kwa kumshika mkono na wengine kwa kutazamwa tu. Jagger hajawahi kulificha hilo. Wanaoucheza wimbo huu ndio wasiolijua, na ningependa walijue, kwa sababu Little Richard, James Brown na Tina Turner wamo ndani ya kila bega linalorushwa kiitikio kinapoingia.

Je, ndani ya wimbo kuna kipande chochote cha muziki wa Rolling Stones?

Hakuna. Hakuna sampuli ya wimbo wao, wala melodi iliyoazimwa.

Basi muziki wenyewe umejengwaje?

Ni disko iliyovishwa nguo za mwaka 2011. Mdundo una mapigo 128 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya muziki wa hausi, na ngoma kubwa inapiga kwenye kila pigo bila kuruka. Ufunguo ni B maina, na kodi zinazozunguka ni chache mno: B maina na E maina, kwenda na kurudi. Mtu aliyeanza kujifunza gitaa mwezi uliopita anaweza kuupiga.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Kwanza kuna mluzi. Unasikia mluzi mwanzoni kabisa, na sekunde chache baadaye hujui tena kuutoa kichwani. Mluzi una faida ambayo maneno hayana: mtu asiyejua Kiingereza anaweza kuurudia bila kukosea. Pili kuna gitaa linalokatwakatwa kwa mtindo wa fanki, kavu na fupi. Hilo gitaa ndilo alama ya Maroon 5 wa zamani, wale wa albamu ya kwanza ya mwaka 2002, na bila hilo wimbo ungeweza kuwa wa msanii yeyote wa studio. Tatu kuna besi inayosukuma chini, nayo ndiyo inayofanya kiuno kisogee kabla akili haijaamua.

Levine anaimba juu, karibu na mwisho wa sauti yake ya kawaida, na mara kwa mara anapanda kwenye ile sauti nyembamba ya kubana. Sauti imelainishwa kwa mitambo, unaweza kuisikia. Binafsi sioni ubaya wake hapa, kwa kuwa disko imekuwa na ung'avu wa mashine tangu miaka ya sabini.

Nani waliutunga?

Watu wanne: Adam Levine, Ammar Malik, Benny Blanco na Shellback. Blanco na Shellback ndio pia walioutayarisha studio.

Shellback ni Msweden, jina lake Johan Schuster, mtu wa karibu wa Max Martin, mtunzi na mtayarishaji mwenzake wa Uswidi. Walifanya pamoja "So What" ya Pink mwaka 2008 na baadaye "Shake It Off" ya Taylor Swift mwaka 2014. Benny Blanco ni Mmarekani wa Virginia ambaye wakati huo alikuwa bado na miaka ishirini na kitu. Kuna jambo dogo la kufurahisha kumhusu: alikuwa mmoja wa waandishi wa "Tik Tok" ya Kesha, iliyotoka mwaka 2009, na ndani yake Kesha anamtaja Mick Jagger kama kipimo cha mwanamume anayevutia. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa limeshapita mikononi mwa Blanco mara moja.

Katika kipindi hichohicho Levine, Malik na Blanco walishiriki pia "Stereo Hearts" ya Gym Class Heroes, ambamo Levine anaimba kiitikio, na ikafika nafasi ya 4 Marekani. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wao.

Nasikia haukuwamo kwenye albamu. Ilikuwaje?

Haukuwamo kwenye toleo la kwanza. Albamu ya tatu ya Maroon 5, Hands All Over, ilitoka Septemba 2010. Waliirekodi Uswisi na Robert John "Mutt" Lange, mtayarishaji mwenye heshima kubwa katika muziki wa roki. Ilikuwa kazi safi, lakini singo ya kuisukuma, "Misery", iliishia nafasi ya 14 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, na zilizofuata hazikuvuma zaidi ya hapo. Kwa bendi iliyowahi kushika namba moja mwaka 2007 kwa "Makes Me Wonder", huko kulikuwa kuteremka.

Ndipo Levine akaketi na waandishi wa nje ya bendi, jambo ambalo kundi halikuwa na mazoea nalo, wimbo ukapatikana, na albamu ikatolewa upya mwaka 2011 ikiwa na wimbo huo ndani.

Christina Aguilera anafanya nini hasa? Mbona anaingia mwishoni?

Anaingia baada ya kiitikio cha pili, kwenye daraja la wimbo, yaani kipande tofauti kinachotangulia kiitikio cha mwisho, na sehemu yake ni fupi. Wapo wanaosema amewekwa kama pambo. Mimi nadhani wimbo ungekuwa na kasoro bila yeye. Kwa dakika mbili mwanamume amekuwa akijigamba bila kujibiwa. Aguilera anapofika, mwanamke aliyekuwa akiambiwa anapata sauti, na sauti hiyo ni kubwa kuliko ya mwanamume. Anaweka masharti yake, halafu kiitikio kinarudi. Laiti angeingia mapema, ule mshtuko mzuri wa kumsikia usingekuwepo.

Kwake yeye pia wimbo ulifika kwa wakati. Albamu yake ya 2010, Bionic, haikufanya vizuri sokoni, na alikuwa hajashika namba moja Marekani tangu "Lady Marmalade" ya mwaka 2001. Wimbo huu ukampa namba moja ya tano, na kwa hiyo amefika kileleni mwa Hot 100 katika miongo mitatu tofauti: miaka ya tisini, elfu mbili na elfu mbili na kumi.

Ulifika wapi kwenye chati?

Marekani uliingia moja kwa moja nafasi ya 8, kisha ukafika namba moja kwenye chati ya tarehe 10 Septemba 2011. Wiki iliyofuata Adele aliung'oa kwa "Someone Like You", nao ukarudi kileleni na kukaa wiki nyingine tatu. Jumla wiki nne. Kanada pia ulishika namba moja.

Uingereza, nyumbani kwa Jagger, ulifika namba mbili ukakwama hapo kwa wiki saba bila kupanda wala kushuka. Hata hivyo ulimaliza mwaka ukiwa singo ya pili kwa mauzo nchini humo, nyuma ya "Someone Like You" ileile, na baadaye ukavuka nakala milioni moja. Nafasi ya juu kabisa ya wiki moja haisemi kila kitu: nyimbo zilizouzuia kileleni zilibadilishana, wakati wenyewe uliendelea kununuliwa.

Uliteuliwa kuwania Grammy ya mwaka 2012 katika kundi la ushirikiano wa pop, lakini tuzo ikaenda kwa Tony Bennett na marehemu Amy Winehouse.

Video yake inaonyesha nini?

Iliongozwa na Msweden Jonas Åkerlund, mtu aliyeongoza "Ray of Light" ya Madonna mwaka 1998 na "Beautiful" ya Aguilera mwenyewe mwaka 2002. Ilitoka Agosti 2011.

Åkerlund alifanya uamuzi wa busara: akachukua picha za zamani za Jagger akicheza na akazitia katikati ya wachezaji wa kawaida, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akijaribu miondoko hiyo kwa mwili wake. Levine yuko kifua wazi, michoro yake ya mwilini inaonekana yote. Mtazamaji anapata kulinganisha papo hapo, na ulinganisho unaonyesha haraka nani ni mwalimu. Ingekuwa rahisi kwa bendi kuficha picha za Jagger ili Levine asionekane mdogo. Kuziweka ndani ni heshima.

Jagger aliupokeaje?

Aliupokea vizuri na alionyesha kwenye mahojiano kwamba umempa fahari.

Walihitaji ruhusa yake? Analipwa?

Jina lake halimo kwenye orodha ya watunzi, kwa hiyo mrabaha wa utunzi hauendi kwake. Na kisheria, kumtaja mtu maarufu ndani ya wimbo hakuhitaji idhini ya mtu huyo. Jina peke yake halina hakimiliki. Vilevile hatua moja ya kucheza haina. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inalinda kazi ya dansi iliyopangwa kwa ukamilifu na kurekodiwa au kuandikwa, lakini haimpi mtu umiliki wa kuweka mkono kiunoni au kurusha bega. Ingekuwa inampa, James Brown angewadai nusu ya waimbaji wa dunia.

Jambo hubadilika inapokuja biashara ya matangazo. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua upande wa mwimbaji Bette Midler dhidi ya kampuni ya magari ya Ford, kwa sababu tangazo lilitumia mwimbaji aliyeagizwa kuigiza sauti yake baada ya yeye kukataa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba pale sauti ya mtu iliigwa ili watu waamini ni yeye. Hapa hakuna anayedanganywa: wimbo unasema waziwazi kwamba huyu anayeimba anatamani kuwa kama yule.

Mbona Robin Thicke na Pharrell walishtakiwa kwa kuathiriwa na Marvin Gaye, na hawa hawakushtakiwa?

Kwa sababu chanzo cha mvuto si kilekile. Katika "Blurred Lines", wimbo wa Thicke na Pharrell wa mwaka 2013, familia ya Gaye ilidai kwamba muziki wenyewe ulichukuliwa kutoka "Got to Give It Up" ya mwaka 1977. Mwaka 2015 jopo la mahakama Los Angeles likakubaliana nao, rufaa ya mwaka 2018 ikaunga mkono, na malipo yakaishia takriban dola milioni 5. Wanamuziki wengi waliona hukumu ile imeenda mbali, kwa kuwa kilichofanana zaidi kilikuwa hali na mdundo kuliko melodi.

Wimbo wa Maroon 5 hauko kwenye eneo hilo la hatari. Ulichukua mtu, haukuchukua muziki wake. Msanii anayetaka kumwenzi mwenzake angeweza kujifunza kitu hapo: mtaje, mwonyeshe, mcheze, lakini mdundo na melodi tafuta vyako.

Ni wimbo wa kwanza wa namna hii?

La hasha. Stevie Wonder alimwimbia Duke Ellington katika "Sir Duke", wimbo wa albamu yake ya mwaka 1976, miaka miwili baada ya Ellington kufariki, na ukashika namba moja Marekani mwaka 1977. The Commodores waliwaomboleza Marvin Gaye na Jackie Wilson katika "Nightshift" mwaka 1985. Mwanamuziki wa Austria, Falco, alimpeleka Mozart disko kwa "Rock Me Amadeus", na mwaka 1986 akafika namba moja Marekani kwa wimbo wa Kijerumani. Waingereza ABC walimsifu Smokey Robinson mwaka 1987 kwa "When Smokey Sings", naye Smokey alikuwa hai na anaimba.

Angalia lakini kwamba wote hao walisifiwa hasa kwa muziki wao. Jagger amesifiwa kwa mwili unavyokwenda, na nyimbo za aina hiyo ni chache.

Kwa nini jina la Jagger lilizagaa sana miaka ile?

Nimeshataja "Tik Tok". Mwaka 2011 huohuo msichana wa Uingereza Cher Lloyd alishika namba moja kwao kwa "Swagger Jagger". Na Februari ya mwaka huo Jagger mwenyewe alipanda jukwaa la tuzo za Grammy akiwa na Raphael Saadiq kumkumbuka mwimbaji Solomon Burke, ikiwa mara yake ya kwanza kuimba laivu kwenye sherehe hizo. Alikuwa na miaka 67 na alilikimbia jukwaa lote. Kizazi ambacho kilimjua kwa nembo ya Rolling Stones ya midomo na ulimi tu kilimwona akifanya kazi.

Nadhani pia jina lake lina sauti nzuri ya kuimbika. Ni silabi mbili zenye konsonanti ngumu, na linakaa vizuri kwenye pigo.

Wimbo huu uliibadilisha Maroon 5?

Sana, na si kila aliyewapenda alifurahia. Albamu iliyofuata, Overexposed ya mwaka 2012, iliandikwa kwa kiasi kikubwa na waandishi wa nje pamoja na Levine, na Max Martin akiwa msimamizi mkuu. "Payphone" na "One More Night" zilitoka humo, na hii ya pili ilikaa namba moja Marekani kwa wiki tisa. Kibiashara njia ilikuwa imefunguka.

Kilichopotea ni ile hali ya bendi ya watu watano wanaopigiana muziki chumbani. Gitaa la James Valentine lilianza kusikika mara moja moja. Ninaupenda wimbo huu kwa dhati, lakini ninaposikiliza albamu yao ya kwanza baada yake, naona kilichobadilishwa na ninakikosa. Na walipopewa jukwaa la mapumziko ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, huko Atlanta, Februari 2019, wimbo waliouchagua kufungia ulikuwa huu.

Jagger bado anaweza kucheza hivyo?

Aprili 2019 alifanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo na ziara ya Rolling Stones ikaahirishwa. Mwezi uliofuata aliweka mtandaoni video akifanya mazoezi ya kucheza mbele ya kioo. Tarehe 21 Juni 2019, miaka minane kamili tangu wimbo wa Maroon 5 kutoka, alirudi jukwaani Soldier Field, Chicago. Mwaka 2024 alizunguka tena Marekani, na siku chache baada ya ziara hiyo kumalizika akatimiza miaka 81. Kasi imepungua kidogo. Viwiko viko palepale.

Nataka kuiona miondoko yenyewe. Nianzie wapi?

Anza na T.A.M.I. Show ya 1964, na usiruke sehemu ya James Brown. Itazame yote, kisha mtazame Jagger anayefuata. Baada ya hapo nenda kwenye Gimme Shelter, filamu ya ziara ya 1969, ambamo Tina Turner yumo pia. Wakati huo Jagger ameshajipata. Kisha Live Aid, Philadelphia, 13 Julai 1985, anapocheza na Tina jukwaa moja na hakuna anayemzidi mwenzake. Ukishamaliza hizo tatu, fungua video ya Åkerlund, uone ni kwa nani kila anayecheza humo amejifunza.